Mimi Nina Mke

Daktari alisema kutembea kutampunguzia Mzee Haroub mahangaiko, kwa kuwa akili ilikuwa ikimpotea. Basi kila asubuhi mkewe, Bi Zamzam, alimshika mkono wakaizunguka nyumba. Siku hiyo, mzunguko wa tatu, mzee alijichomoa.

"Niachie, bibi! Watu watasema nini? Mimi nina mke."

Bi Zamzam akamuuliza, "Yuko wapi huyo mkeo?"

"Nyumbani. Nisiporudi, hali chakula."

Bi Zamzam alijikaza, akafunga kanga kiunoni. "Basi twende haraka, asishinde na njaa."

Mzee alikwishatangulia, karibu kukimbia. Mkewe akamfuata akihema. Wakaupita mlango wa nyumba yao, wakaupita tena, na mzee akazidi kukaza mwendo.