Nungunungu na Meza ya Kicheche

Nungunungu alitengeneza gemu za video na kuziuza dukani kwake. Nje, Kicheche aliuza mezani zilizokwisha kuchezwa, na kila alipopata mteja, miiba ya Nungunungu ilisimama.

"Unakula jasho langu!" alifoka, akaipindua meza, akamfukuza.

Gemu mpya ilipotoka, duka lilikaa tupu siku tatu. Digidigi, mteja wake wa siku zote, alikuwa anapita tu.

"Mbona hununui, bwana?"

"Kwa hela gani, mzee? Si nilikuwa namuuzia Kicheche ile ya zamani, ndipo naingia kwako kuchukua mpya?"

Nungunungu akamfuata Kicheche kwake, akarudi naye, meza ameibeba mwenyewe kichwani.

"Tuiweke palepale?" Kicheche aliuliza kwa woga.

"La, jirani," alijibu Nungunungu, miiba imelala. "Sogea karibu zaidi na mlango wangu."