Mstari Mmoja wa Bhikaji

"Kuanzia leo Kimarathi tunaandika kwa herufi za vitabuni," mkubwa mpya wa ofisi moja ya ardhi huko India alimwambia karani Bhikaji. "Huo mwandiko wako wa minyoo hautakiwi. Na wewe hutakiwi. Toka."

Mzee alivuta karatasi. Alipiga mstari, akaandika chini yake kwa mwandiko ule wa zamani, herufi zikishikana mikono, kalamu isinyanyuke hata mara moja.

"Unanitukana?"

"Nakutegea kitendawili, bwana. Nimeandika ilipo hati ya shamba la babako. Kesi yenu si kesho? Soma."

Mlangoni aligeuka. Mkubwa alikuwa akiipindua karatasi juu chini, na nyuma yake mafurushi ya hati yamefika darini, yote minyoo mitupu.