Swichi ya Nne

Mlio wa nne Gathogo aliupanga uwe kimya.

Alichuchumaa nyuma ya jukwaa, prosesa ya gitaa, mashine ya kubadili milio, ikiwa imelala mbele ya magoti yake, swichi zake nne za kukanyaga zikimeta. Ya kwanza ilikuwa ya gitaa safi. Ya pili ilikuwa na mwangwi mrefu wa wakati wa maombi. Ya tatu ndiyo ya solo, ule mlio mkali uliowafanya akina mama wa Rongai wapunge leso. Ya nne aliishusha sauti mpaka sufuri, akahifadhi, kisha akapangusa vumbi kwenye kioo cha mashine kama mtu anayepangusa kisu.

Mwaka jana, kwenye mkutano wa injili kule Kamere, hasira ilimponza. Alichomoa waya katikati ya wimbo, watu wanaona. Wimbo ukafa, wavuvi wakacheka, na Nderitu, kiongozi wa waimbaji, akajiuzulu kwa aibu wiki hiyohiyo. Gathogo akakaa mkao wa kupewa kiti. Mchungaji akampa Jelagat. Msichana wa besi, aliyeanza kushika ala juzijuzi tu.

Leo askofu alikuwa amekuja kutoka Nakuru, ameketi safu ya mbele, fimbo kati ya magoti. Wimbo ukifa mbele ya askofu, Jelagat hamalizi wiki akiwa kiongozi. Na safari hii hakuna mkono utakaoonekana. Mguu utagusa swichi, gitaa litanyamaza, naye atainua viganja: mashine imekataa, jamani. Nani atamshtaki mtu kwa kosa la mashine?

Jelagat alikuja, besi ikining'inia begani, akauliza kama yuko tayari.

"Niko tayari kukushinda wewe," Gathogo alisema bila kuinua kichwa. "Besi ni ya kusindikiza, Jelagat. Msindikizaji haongozi harusi."

"Sawa, Ndugu Gathogo."

Ilikuwa daima ni hiyo sawa. Ilimkera kuliko tusi. Alikuwa na sawa ya namna hiyo hata Alhamisi kwenye mazoezi, alipomrudisha kwenye solo ya wimbo wa mwisho kama mwanafunzi. Muturi, fundi wa sauti, alikuwa amechomeka waya wa pili kutoka kwenye prosesa hadi kompyuta yake, arekodi na kupima nguvu ya sauti isije ikapasua spika Jumapili. Gathogo alipiga solo. Jelagat akamwomba arudie. Akarudia. Jelagat akasema bado, hapo katikati ameharakisha.

"Mimi?" Gathogo alimcheka mbele ya wote. "Niamshe hata nikiwa na malaria, nitakupigia hivihivi, noti kwa noti. Mtu wa kubadilisha solo ni mwenye hajui kile anapiga."

Akaipiga mara ya tatu, kwa ghadhabu, ikatoka nzuri hadi Muturi akanyanyua kidole gumba. Jelagat akasema sawa, Ndugu Gathogo, hiyo inatosha.

Sasa jenereta ilikuwa inanguruma na uwanja umejaa. Upepo ulileta vumbi kutoka kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Kipkemei, mpiga ngoma, aliketi na vifaa vya kusikilizia masikioni, na Jelagat vilevile. Huo ulikuwa mtindo mpya wa Jelagat: kompyuta ya Muturi iwahesabie mapigo, wimbo usikimbie wala usichelewe. Gathogo alikataa kuvaa vyake. Aliwaambia wao ndio wa kuhesabiwa kama watoto wa nasari. Yeye alitaka spika tu, pale miguuni, Muturi amrudishie sauti ya gitaa lake aisikie vizuri.

Nyimbo nne zilipita bila dosari. Alizipiga vizuri makusudi. Anayeangushwa, aliwaza, aangushwe akiwa juu.

Katika wa tano, wa mwisho, Jelagat alisogea kwenye maikrofoni, akaimba ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, na watu wakaanza kusimama mmoja mmoja, halafu safu nzima, halafu uwanja. Hata askofu alisimama. Gathogo aliona uso wa Jelagat ukiwaka kwa furaha, na chuki ikampanda.

Solo ikafika. Akakanyaga swichi ya tatu.

Mlio uliotoka kwenye spika ulikuwa mtamu kuliko alivyoupanga. Kidole kiliteleza kwa jasho, akaukosa uzi, lakini noti ikatoka safi, naye akaisifu mashine moyoni. Akina mama wakapunga leso. Askofu akafumba macho, na uwanja mzima ukafumba macho.

Sasa.

Alimgeukia Jelagat, asije akakosa kuona uso ule ukizima, akakanyaga swichi ya nne.

Solo ikaendelea.

Akadhani mguu umekosea. Akatazama chini. Taa ya nne ndiyo iliyokuwa inawaka. Akaikanyaga tena, kwa kisigino. Akazibana nyuzi zote sita kwa kiganja. Mwishowe akafanya kama Kamere: akaushika waya kwenye gitaa, akauchomoa, akabaki ameushika hewani.

Jelagat hakugeuka. Gitaa la Gathogo lililia juu ya uwanja wote, likapita pale katikati bila kuharakisha, likafika noti ya mwisho, sawasawa na alivyolipiga Alhamisi, mara ya tatu.