Ukuta wa Mzee Nyuzi

"Gongeni tu," Mzee Nyuzi aliwaambia vijana wa karakana ya jirani, nusu ya mtaa ikitazama. "Mtajua hamjui."

Wakamjibu kwa adabu inayoudhi: shikamoo mzee, hizi si kelele, ni muziki. Mapipa, minyororo, msumeno wa kukatia vyuma na spika kubwa kuliko mlango, eti muziki. Wanamwambia nani? Yeye aliyepiga roki mpaka kuta za kumbi zikatoka jasho, kabla bendi yake haijamtosa, naye akalitupa gitaa uvunguni na kununa miaka.

Alirudi ndani akifoka. Mkewe aliepua sufuria, akasema taratibu, "Na utawaacha wakuchezee hivyo? Wewe?"

Gitaa alilikuta limefutwa vumbi. Hata nyuzi mpya zilikuwapo. Mwenye hasira haulizi.

Tangu hapo ikawa jino kwa jino. Wakigonga pipa, anawaingilia kwa gitaa, spika ameielekeza ukutani. Wakibadili mwendo, anausoma, anauvuruga. Majirani walitoa viti nje wasikilize nani kapigwa leo. Mkewe alishauri kabati lisogezwe, ukuta ni mwembamba hapo, kisasi kipenye vizuri. Mzee akarudiwa na hamu ya kula, akanyoa ndevu, akawa anaota mapigo ya kuwamaliza. Vidole vikatoka malengelenge, kisha vikakomaa.

Jumamosi moja akawashushia kitu kirefu, kikali, mpaka upande wa pili ukanyamaza. Si pipa, si msumeno. Akajua amewazika. Kilichobaki ni kwenda kuwacheka usoni.

Mkewe hakuwepo kuiona siku hiyo. Alikuwa ametoka na ile sufuria kubwa, kama kila Jumamosi, kwenda kwenye kikundi cha akina mama.

Mzee alipoufikia mlango wa karakana, mkono uliotaka kubisha ukabaki hewani. Gitaa lake mwenyewe, walilolirekodi kupitia ukutani, lilikuwa likitoka kwenye spika ya ndani, vyuma vyao vimelibeba mgongoni kama mtoto.

"Sasa mama," kijana mmoja alikuwa akiuliza huku akinyoosha sahani, "kesho tumgongee tena, au mgonjwa wetu amepona?"

Mkewe, mwiko mkononi, aliinua macho akamwona mlangoni.

"Ingia ule, baba watoto," alisema. "Sahani yako tunaiweka kila Jumamosi."