Mkono wa Mwenzake

Kwenye skrini ya maabara vimeng'enya viwili vilikuwa vimeungana, kila kimoja kimenyoosha mkono wake wa protini na kuuchomeka mwilini mwa mwenzake.

"Tukivitenganisha," Salha aliuliza, "kila kimoja kitarudi na mkono wake?"

"Vingine hurudi," alisema Kombo, mwenzake wa kazi. "Vingine huzoea hukohuko."

Salha akaacha kuitazama skrini. Baada ya Ramadhani yeye na dada yake walibadilishana watoto wao, kila mmoja amlee wa mwenzake, undugu usije ukakatika. Akatoka nje, akapiga simu.

"Dada, mpe mwanangu nizungumze naye."

Akaisikia ile sauti ndogo anayoijua. Haikumwita dada yake mamkubwa. Ilimuuliza, "Mama, nani huyo?"

Dada yake akavuta pumzi. Salha akaibana simu sikioni, asikie atajibu nini.