Mzee Amefika Mnarani

Tangu kampuni za simu ziruhusu vifaa vya nyumbani kujua laini ya mtu iko wapi, nyumba humtambua mtu kwa laini yake. Laini ya Mzee Shekiondo ikinaswa na mnara wa stendi, jiko lilibandika maji ya ugali. Akikaribia, mlango ulijifungua. Ikawa hivyo miaka tisa, mpaka alipozikwa.

Miezi minane baadaye, jioni moja, jiko likawaka.

"Mzee amefika mnarani," likasema.

Bi Mwantumu, mjane wake, akaacha mchicha na kuipiga namba ya marehemu. Akapokea mwanamke. Bi Mwantumu akaguna: sauti ya kike kwenye simu ile aliiwinda maisha yake yote ya ndoa, nayo imekuja leo.

"Wewe nani, mwanangu?"

"Shikamoo, mama. Naitwa Hosiana, mwalimu mgeni. Laini nimeinunua jana."

"Marahaba. Ilikuwa ya marehemu mume wangu. Nyumba inadhani wewe ndiye yeye."

"Jamani, pole. Nifute kwenye nyumba basi, mama. Mimi nitakuwa nashuka stendi hii kila siku."

"Kila siku?"

"Kila jioni."

Mlango ukajifungua. Nje, dada mmoja mwenye begi, simu sikioni, akapita bila kugeuka.

"Mzee amepita nyumbani," jiko likasema. "Anazidi kwenda mbali. Nizime maji?"

"Hata zamani alikuwa akipitiliza kwenda kucheza bao," akasema Bi Mwantumu, akijifuta macho kwa kanga. "Acha yachemke."