Daraja la Pennerford

"Na daraja? Waambie kuhusu daraja," alisema Mwalimu Zacharia, na Rael akajibanza nyuma ya mashine ya kufulia, simu sikioni.

"Ni la mawe, Baba. Lina matao matano. Kabla halijajengwa, watu walivuka kwa miguu, pale maji yalipokuwa machache."

Kutoka sebuleni kwa babake, Kenya, zikamfikia sauti za watu wakiguna kwa kuridhika. Nusu ya kanisa ilikuwa imekaa pale ikimsikiliza kwenye spika ya simu. Ndio waliomchangia nauli ya kwenda Uingereza, na leo walikuwa wamekuja kusikia habari za kijiji anakoishi Rael wao, akitunza wazee kando ya mto.

Rael hajawahi kuikanyaga Uingereza. Alikuwa Jeddah, mtaa wa Al-Baghdadiyah, na wazee wenyewe hawakuwapo. Kulikuwa na watoto wa madam na nguo zao zisizoisha.

Wakala aliyemsafirisha aliwaambia yeye na babake kuwa Rael angebadilisha ndege Riyadh. Alishuka Riyadh, akapokewa na kafili, mwajiri asiyemjua, pasipoti ikachukuliwa, na ndege ya pili hakuiona. Angewaambia nini watu wa kanisa? Kuna mama aliyeuza kuku wake wote kwa ajili yake. Aibu ilimfunga mdomo, na ulipofunguka ukatoa uongo: nimefika salama.

Uongo nao unataka pa kukaa. Rael akapekua mtandaoni, akachagua kijiji kidogo ambako hakuna mtu wa kwao angekuwa na shangazi. Kiliitwa Pennerford. Bahati mbaya, babake alikuwa amefundisha jiografia na historia mpaka akastaafu. Mzazi mwingine angeuliza kama kuna baridi, basi. Mwalimu aliuliza mto unatoka vilima gani, kinu kilisaga nini, mafuriko yalifika wapi. Rael akawa anakikariri kijiji kile huku akideki, kama mtu anayengoja mtihani.

Alikuwa na ahueni moja tu. Mzee ndiye aliyepiga siku zote, kwenye WhatsApp ya laini ya Rael ya Kenya, tena sauti tupu, maana Rael alisema video haikubali. Na tukiacha simu ya kwanza kabisa, aliposingizia televisheni ya jirani, adhana haikuwahi kuwakuta wakiongea. Kule Riyadh, adhana ya magharibi ikishamalizika na familia ikienda kusali, ndipo simu ilipolia. Rael aliiita bahati, akamshukuru Mungu kimya kimya.

Juzi tu familia ilikuwa imehamia Jeddah, bosi alikopata kazi mpya. Leo simu ililia saa ile ile ya kawaida, ila huku, magharibi zaidi, jua la dirishani lilikuwa bado halijazama.

"Rael, mamii, hebu tuambie." Huyo alikuwa Mama Truphena, mwenyekiti wa akina mama, yule wa kuku. "Huo mto unapitia upande gani wa kanisa la huko? Nataka niuone vizuri."

Kanisa, mto, vyote vilimtoka Rael kichwani kwa mpigo.

"Unapitia... upande wa..."

"Kusini," Mwalimu akadakia. "Si uliniambia kusini? Unalizunguka kanisa, halafu unateremka mpaka kwa kile kinu cha karatasi."

Rael hakukumbuka kumwambia habari zozote za karatasi. "Ndiyo, Baba. Kusini."

"Bwana asifiwe!" akasema Mama Truphena. "Tunakuombea kila Jumapili. Wasichana wetu huku tunawaambia, muigeni Rael."

Hapo ndipo alipochomwa. Wangemtukana angevumilia, ni kusifiwa kulikomuumiza. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Mzee wa watu amekaa mbele ya wageni wake, kifua mbele, anaona fahari juu ya binti mwongo! Liwalo na liwe, atasema leo.

"Baba, kuna kitu nataka kuwaambia..."

Vipaza sauti vya msikiti wa nyuma ya nyumba vikafunguka. Adhana ikajaa chumba kizima. Rael aliizika simu kwenye taulo zilizolowa, lakini alikuwa amechelewa.

"Na hiyo ni nini?" Mama Truphena akauliza.

Kabla Rael hajapata la kusema, Mwalimu Zacharia akaanza kuimba. Mwalimu, ambaye hata ibadani hufunua tu kitabu cha nyimbo akanyamaza, aliachia wimbo wa shukrani kwa sauti ya kukwaruza, akapiga na makofi. Wageni walishtuka, kisha wakaudakia. Watu wa kanisa hawakuachi uimbe peke yako. Sebule nzima ikavuma, ubeti baada ya ubeti, na Rael amesimama na simu yenye maji, haelewi kitu.

Halafu akasikia mlango ukifungwa, na nyimbo zikabaki kwa mbali. Mzee alikuwa ametoka uani na simu, akihema.

"Nisamehe, mwanangu," akanong'ona. "Sikujua wamekuhamisha. Nilikuwa bado nafuata jua la Riyadh."